Matairi ya A/T (ya njia zote) yanayodumu kwa pikapu za Mtwara na Lindi: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kutunza

Kwenye pikapu zinazofanya kazi Kusini, matairi mengi hutupwa yakiwa bado na meno. Ubavu umechanwa na kisiki kwenye njia ya shambani, au waya za ndani zimeachana kwa kubeba tani moja na upepo mdogo, au jiwe limejichimbia usoni hadi likafika kwenye waya, kutu ikamalizia kazi. Anayechagua tairi kwa kutazama ukubwa wa meno tu anaanzia mwisho. Anza na mwili wa tairi, yaani nyuzi, waya na ubavu. Fuata mzigo, halafu saizi, kisha meno. Bei inapimwa mwisho, na inapimwa kwa kilomita.

Mwongozo huu ni wa mwenye Hilux, Ranger, L200, D-Max, Navara au Land Cruiser ya kazi, anayetembea lami na vumbi kwa pamoja.

HATUA YA KWANZA: Andika njia zako na mzigo wako

Chukua karatasi. Gawa mwendo wako wa mwezi katika mafungu manne: lami, changarawe yenye mawe, mchanga mzito, na udongo unaoteleza wakati wa mvua. Usikadirie kwa ulivyozoea kusema. Tumia safari zako halisi za miezi mitatu iliyopita.

Dereva wa Mtwara–Mingoyo–Lindi–Nangurukuru yuko kwenye lami karibu muda wote, na tairi lake linaliwa na joto na mwendo. Wa Nachingwea–Liwale au Nangurukuru–Liwale yuko kwenye changarawe, na adui yake ni mawe makali na mawimbi ya barabara. Anayepanda na kushuka uwanda wa Makonde, Tandahimba na Newala, akiingia mashamba ya mikorosho, anakutana na mchanga, visiki na mizizi. Vipande vya barabara vinavyojengwa lami navyo vina hatari yake: kokoto mpya iliyopondwa hukata mpira kuliko changarawe ya zamani iliyolainishwa na magari. Anayekwenda Msimbati anajua mchanga wa kule. Na kwenye mbuga za udongo mweusi, mvua moja inatosha kujaza mifereji ya tairi na kuligeuza kipara kwa muda.

Mzigo nao uandike kwa kilo. Gunia 12 za kilo 80 ni kilo 960. Gunia 15 ni kilo 1,200, na hapo dereva, msaidizi na mafuta ya tangi bado hujawahesabu. Pikapu nyingi za namna hii zimeundwa kubeba karibu tani moja. Kipimo halisi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Hakuna tairi linalokupa ruhusa ya kuvuka kipimo hicho, kwa sababu springi, fremu na breki havijabadilika.

Ukiona lami imezidi asilimia 80 na mzigo ni mdogo, matairi ya barabarani yenye alama ya H/T yatakufaa zaidi na yatakuokolea mafuta. Ukiona zaidi ya nusu ni matope na njia zisizopitika, M/T, yaani ya matope, yana hoja, ingawa kwenye lami yanapiga kelele, yanaliwa upesi na breki zake kwenye lami yenye maji si nzuri. Waliobaki katikati, na ndio wengi wa mikoa hii miwili, wanahitaji A/T.

HATUA YA PILI: Jifunze kusoma ubavu

Chukua mfano wa LT265/70R16 121/118S. Namba 265 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya upana huo. R ni radiali, 16 ni inchi za rimu. 121 ni namba ya mzigo: tairi moja linabeba kilo 1,450 likiwa na upepo wake wote. 118 ni kilo 1,320, inayohusu gari lenye tairi pacha nyuma, kwa hiyo wewe wa pikapu haikuhusu. S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa.

Namba za mzigo utakazokutana nazo madukani ni hizi:
109 ni kilo 1,030
110 ni kilo 1,060
112 ni kilo 1,120
116 ni kilo 1,250
120 ni kilo 1,400
121 ni kilo 1,450
123 ni kilo 1,550

Upande wa mwendo, Q ni 160, R ni 170, S ni 180 na T ni 190. Yoyote kati ya hizo inatosha.

Herufi zinazotangulia ndizo watu huziruka. LT mwanzoni, au C mwishoni kama kwenye 205R16C, inakuambia tairi limejengwa kwa gari la mzigo. Likiandikwa 265/65R17 112S bila LT wala C, limejengwa kwa desturi ya magari ya abiria, hata kama meno yake ni makubwa na ya kutisha. Matairi mawili ya kampuni moja, jina moja na meno yaleyale yanaweza kuwa na miili miwili tofauti kabisa. Muuzaji akikuambia "ni yaleyale", mwombe muinamie pamoja msome.

HATUA YA TATU: Amua plai

Zamani plai zilikuwa nyuzi zinazohesabika. Leo "plai 10" haimaanishi kuna tabaka kumi ndani. Ni kipimo cha nguvu. Kwenye matairi ya LT, herufi C ya kundi la mzigo (si ile C ya 205R16C) ni sawa na plai 6 na hubeba upepo hadi psi 50, D ni plai 8 hadi psi 65, E ni plai 10 hadi psi 80.

Hapa fanya hesabu kabla ya kununua woga. Hilux yenye matairi ya namba 112 ina uwezo wa kilo 2,240 kwenye ekseli ya nyuma, na ekseli yenyewe hairuhusiwi kufika huko. Kwa karatasi, tairi la kawaida linatosha. Sababu ya kwenda kwenye LT ni mwili mnene: tabaka za ziada ubavuni, mpira mzito zaidi chini ya meno, na uwezo wa kuongeza upepo unapopakia bila kuvuka kikomo cha tairi.

Ila plai 10 ina gharama zake. Ni nzito kwa kilo kadhaa kila tairi, kwa hiyo gari huwa zito kuondoka, hula mafuta zaidi, na shokapu hufanya kazi kubwa. Gari likiwa tupu na upepo ni wa mzigo, tairi gumu hurukaruka juu ya mawimbi ya changarawe, na kila linapotua linamegeka meno. Ndiyo maana mtu hununua tairi gumu kuliko yote, akaliona likichakaa kabla ya la jirani lililo jepesi zaidi.

Ushauri wetu ni huu. Ukipakia kuanzia kilo 500 kila wiki na unapita mawe, chukua LT ya plai 8 au 10. Ukipakia msimu wa korosho na ufuta tu, na siku nyingine gari ni la familia na mizigo midogo, plai 6 au 8 inatosha ikiwa utakuwa mkali wa upepo. Pikapu inayobeba watu na begi la vipimo, ikikaa zaidi kwenye lami, haihitaji LT hata kidogo.

HATUA YA NNE: Saizi

Baki kwenye saizi ya kiwandani isipokuwa una sababu inayoandikika. Kipenyo hupatikana hivi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4).

265/65R17: 172.25 mara 2 ni 344.5; jumlisha 431.8, kipenyo milimita 776.
265/70R17: 185.5 mara 2 ni 371, jumlisha 431.8, kipenyo milimita 803.
265/70R16: 371 jumlisha 406.4, kipenyo milimita 777.

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili umeongeza asilimia 3.4. Spidi mita ikisoma 80 unakwenda karibu 83, gia zinakuwa nzito kwenye vilima vya Newala ukiwa na mzigo, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi. Zaidi ya asilimia 3 ni bora usiende.

Tazama ya kwanza na ya tatu: vipenyo karibu ni sawa. Mwenye rimu za inchi 17 anayeishi kwenye mawe na mchanga anaweza kushuka inchi 16 na kupata ubavu wa milimita 185 badala ya 172. Ubavu mrefu hukunjika juu ya jiwe pale ambapo mfupi hubanwa kati ya jiwe na rimu na kukatika. Sharti ni kwamba rimu ya 16 ipite juu ya kalipa ya breki bila kugusa. Ijaribu kwa mkono kabla ya kulipa. Rimu za 18 zenye 265/60 zinapendeza mjini. Kwa njia ya Liwale tungeziacha nyumbani.

Wengi pia hufikiri tairi pana ndilo imara. Tairi pana hukanyaga misumari na miiba mingi zaidi, na kwenye udongo laini wenye sehemu ngumu chini hushindwa kuzama kuifikia. Land Cruiser za kazi zenye 7.50R16 nyembamba hazijakosea.

HATUA YA TANO: Sasa tazama meno

A/T mpya huwa na kina cha milimita 10 hadi 13. H/T huwa 8 au 9, M/T hufika 15. Beba geji ya kina cha meno. Ni kitu kidogo na rahisi. Kama huna, tumia rula nyembamba.

Mambo matatu ya kuangalia, kwa umuhimu wake. La kwanza ni vituta vidogo vya mpira chini ya mifereji, katikati ya meno. Kazi yake ni kulisukuma jiwe litoke. Tairi lisilo navyo hushika changarawe, na jiwe lililonasa huchimba kila mzunguko mpaka lifike kwenye mkanda wa waya. La pili ni mabega: meno yakishuka kidogo ubavuni, na mpira wa ubavu wa juu ukiwa mnene, utasalimika na visiki na kingo za makorongo. La tatu ni safu ya katikati. Meno ya katikati yaliyoshikana kiasi hudumu kwenye lami. Yaliyotawanyika sana hutikisika, huchemka na huliwa kama msumeno. Kwa udongo mweusi unataka mifereji mipana inayojisafisha, kwa lami unataka mpira mwingi unaogusa chini. Huwezi kupata vyote, ndiyo sababu ya ile karatasi ya hatua ya kwanza.

Alama ya mlima wenye theluji ubavuni ni cheti cha baridi. Isikutoe senti ya ziada hapa pwani.

Na ile namba ya uvumilivu iliyoandikwa Treadwear, 500 au 600? Ipo kwenye matairi ya abiria, na kila kampuni hujipimia yenyewe, hivyo haifai sana kulinganisha kampuni na kampuni. Matairi ya LT hayana kabisa. Kutokuwepo kwake si kasoro.

Majina yanayojulikana katika kundi hili ni BFGoodrich All-Terrain T/A, Bridgestone Dueler A/T, Yokohama Geolandar A/T, Toyo Open Country A/T, General Grabber AT, Goodyear Wrangler AT, Cooper Discoverer AT3, Dunlop Grandtrek AT na Maxxis Bravo. Yapo pia ya bei ya chini kutoka China na Thailand, na baadhi yanafanya kazi vizuri. Jina haliondoi kazi ya kukagua tairi lenyewe.

HATUA YA SITA: Ukaguzi dukani

Iwe unanunua Mtwara mjini, Masasi, Lindi au unaagiza Dar es Salaam yaje na lori, mambo haya yakaguliwe kabla pesa haijatoka. Ukiagiza, omba picha za ubavu wa kila tairi, yote matano.

Tafuta neno DOT na namba nne za mwisho ndani ya kiduara. 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Namba hii huwa upande mmoja tu wa tairi, ligeuze. Nunua lisilozidi miaka miwili, na yote matano yasipishane sana. Tairi huzeeka hata likiwa halijafungwa, na lililoanikwa juani mbele ya duka huzeeka upesi zaidi. Bonyeza mpira kwa ukucha: ukiwa mgumu kama kwato, na ukiona nyufa nyembamba kati ya meno, achana nalo.

Tazama mdomo wa tairi, sehemu inayokaa kwenye rimu. Ili kubana nafasi kwenye kontena, wasafirishaji wengine hushindilia tairi moja ndani ya jingine, mbili hata tatu. Midomo hupinda na nyuzi za ubavu hujeruhiwa. Lisimamishe: mdomo uliobanwa una umbo la yai, au una mkunjo unaoonekana.

Pitisha kidole kwenye mifereji. Tairi lililochongwa upya kwa kisu cha moto lina mifereji yenye kingo kali zisizo sawa, na vituta vingine vya ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kikomo cha milimita 1.6, vimekatwa. Chini yake mpira uliobaki ni mwembamba mno. Matairi ya pikapu hayakujengwa kuchongwa. Vinyweleo vya mpira usoni si ushahidi wa upya.

Mtumba tunauzungumza kwa ufupi: usinunue kwa gari la mzigo. Hujui lilibeba nini wala lilitembea kilomita ngapi bila upepo, na jeraha la ndani halionekani likiwa limepakwa dawa ya kung'arisha.

Dai risiti ya EFD yenye saizi, namba ya mzigo na DOT. Bila hiyo, tairi likivimba ndani ya miezi miwili utabaki kubishana.

Hesabu ya bei ifanywe kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, tairi la kwanza ni sh 350,000 na linakwenda km 30,000. Ni karibu sh 11.7 kwa kilomita. La pili ni sh 600,000 na linakwenda km 60,000. Ni sh 10. La bei kubwa ndilo rahisi, lakini kwa sharti kwamba lifike huko bila kukatwa ubavu. Kama njia zako zinaua tairi kila msimu kwa visiki, hesabu inageuka, na unahitaji mwili mnene zaidi au dereva mpole zaidi.

HATUA YA SABA: Kufunga

Nunua matano yanayofanana. Spea iliyo kipara, au ya saizi nyingine, ukiwa kati ya Nangurukuru na Liwale ni mzigo tu. Kwa gari la four-wheel, mzunguko wa matairi ya mbele na nyuma ukitofautiana, gia boksi ya kugawa nguvu inapata mvutano kila unapoingiza 4H kwenye ardhi ngumu. Pesa ikitosha mawili tu, yafunge ekseli moja, nayo ni ya nyuma; pikapu tupu hupepesuka mkia kwenye lami yenye maji.

Hakikisha fundi anafanya haya: anatoa kutu kwenye ukingo wa rimu kwa brashi ya waya kabla ya kuweka tairi, anabadilisha valvu zote, anapaka sabuni ya kufungia mdomoni na si oili, kisha anafanya balansi. Hilo la kutu ni muhimu kwenu wa pwani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa. Hewa ya chumvi hula rimu za chuma, mdomo haukai sawa, na upepo unapotea psi 3 au 4 kwa wiki huku kila mtu akitafuta msumari usiokuwepo.

Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, gari likiwa chini, kwa spana ya kipimo iliyowekwa namba ya kitabu cha gari. Baada ya km 50 hadi 100 zikaze tena. Alaimenti ifanywe siku hiyohiyo, lakini baada ya kukagua tairodi, bol jointi na bushi; kupanga magurudumu kwenye viungo vilivyolegea ni kutupa pesa. Chukua karatasi ya vipimo kutoka gereji.

Kilomita 500 za kwanza usipakie tani. Uso mpya una utelezi wa kiwandani, na mpira unahitaji kuzoeana na waya.

HATUA YA NANE: Upepo, ambako ndiko maisha ya tairi yalipo

Nunua geji yako mwenyewe ya hadi psi 80, na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Geji za vituoni hutofautiana, na fundi pancha wengi huweka 40 kwa kila gari linalokuja.

Upepo hupimwa asubuhi, gari halijatembea, matairi hayajapigwa na jua. Tairi la moto husoma juu. Ukilitoa upepo likiwa moto, kesho asubuhi liko chini ya kipimo.

Kibandiko cha mlango kinahusu matairi ya kiwandani. Ukihamia LT, usifuate namba hizo. Tairi la LT huhitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule, na ukilijaza psi 29 kwa sababu mlango umesema hivyo, linakunjika ubavu kupita kiasi na kuchemka. Kwa Hilux au Ranger yenye LT 265, anzia hapa, kisha rekebisha kwa jedwali la mzigo la kampuni ya tairi:

Lami, gari tupu: 36 mbele, 36 nyuma.
Lami, tani moja: 38 mbele, 45 hadi 48 nyuma.
Changarawe, gari tupu: 28 hadi 30 kote, mwendo usizidi 60.
Changarawe, tani moja: 32 mbele, 40 nyuma, mwendo 50.
Mchanga mzito, gari tupu: 18 hadi 20, mwendo 30, bila kukata kona kwa ghafla.
Mchanga, na mzigo: usishuke chini ya 25 nyuma. Ukishindwa kupita, punguza mzigo, usipunguze upepo.
Matope: 24 hadi 26.

Kwa matairi ya kawaida yasiyo LT, lami tupu ni 30 hadi 32, na lami kwa mzigo ni 36 nyuma. Hapo ndipo mwisho wake kikazi. Kuongeza zaidi hakukupi uwezo mwingine wa kubeba.

Kwa nini kupunguza kwenye changarawe? Tairi gumu hupigana na jiwe, tairi lililolegea kidogo hulikumbatia na kupita. Lakini ulegevu bila kupunguza mwendo ni joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na waya. Viwili hivi huenda pamoja daima. Ukirudi lami ya Masasi au Nangurukuru, simama ujaze kabla ya kufika 60.

Kipimo kizuri cha kujua kama umepatia: pima asubuhi, tembea saa moja kwa mwendo na mzigo wako wa kawaida, simama upime tena. Tairi la kawaida likipanda psi 4 hivi, au LT psi 6, upepo ni sahihi. Likipanda zaidi ya hapo linachemka: ongeza upepo, au punguza mwendo au mzigo. Likipanda kidogo mno, umelijaza kupita kiasi.

HATUA YA TISA: Kuzungusha, kupima, kusoma uchakavu

Zungusha matano kila km 8,000, au kila 5,000 kama changarawe ndiyo nyingi. Nyuma kushoto huenda mbele kushoto. Nyuma kulia huenda mbele kulia. Mbele kulia huvuka nyuma kushoto. Mbele kushoto huwa spea. Spea huenda nyuma kulia. Kwa mpango huu kila tairi hupumzika zamu moja kati ya tano, na kilomita za seti nzima huongezeka kwa robo.

Kila unapozungusha pima kina sehemu tatu, ndani, kati na nje, uandike pamoja na odomita. Tairi lililoanza na milimita 12 na kupoteza 1.5 kwa km 9,000 linakula milimita moja kwa km 6,000. Ukiliondoa likibaki 4, una milimita 8 za kutumia, sawa na km 48,000 chini; kwa mzunguko wa matano, gari litakuwa limetembea km 60,000. Baada ya mzunguko wa kwanza tu unajua kama ulichonunua kina thamani.

Uchakavu nao unasema. Mabega mawili yakiisha kabla ya kati, upepo ulikuwa mdogo. Kati ikiisha kwanza, ulikuwa mwingi, na hili huwapata wanaojaza kwa mzigo na kusahau kutoa wakishusha. Upande mmoja tu ni alaimenti au kiungo. Meno yenye ncha upande mmoja ukipapasa ni mpangilio wa mbele uliofunguka au kufunga. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokapu zilizokufa au balansi. Meno yaliyomegeka vipande vipande kwenye ekseli ya nyuma ni mwendo mkali kwenye mawe, mara nyingi na tairi kuzungukia hewani wakati wa kupanda. Ingiza four-wheel mapema kabla ya kilima, usisubiri kukwama.

Kila jioni ya safari ya changarawe, ng'oa mawe kwa bisibisi butu. Dakika tano.

PANCHA

Tundu la usoni lisilozidi milimita 6 linazibika. Kamba ya kuchomeka kwa nje ni ya kukufikisha; mjini tairi livuliwe, likaguliwe ndani, lizibwe kwa kiraka chenye shina kinachoziba tundu na ndani kwa pamoja. Ukiacha kamba peke yake, maji ya masika huingia mpaka kwenye waya.

Ubavu hauzibwi. Kushona, kiraka kikubwa cha moto, kuweka tyubu ndani: yote ni ya kufika kwa mwendo wa pole na gari tupu. Tyubu kwenye tairi lisilo la tyubu husuguana na ukuta wa ndani, huchemka, na ikipasuka upepo hutoka wote mara moja. Ikibidi kabisa, iwe tyubu ya radiali ya saizi hiyo, na vibandiko vya ndani ya tairi vibanduliwe.

Tairi lililotembea likiwa halina upepo, hata km 2, livuliwe uangalie ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira, ubavu umekwisha ingawa nje linang'aa.

WAKATI WA KUNUNUA NA WA KUONDOA

Kusini mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili, na mavuno ya korosho yanapanda kuanzia Oktoba. Yaani mzigo mkubwa na udongo unaoteleza vinakutana. Nunua Agosti au Septemba, ili kilomita za kuzoeza ziishe barabara ikiwa kavu na gari halijaanza kubeba gunia.

Milimita 1.6 ni kikomo cha vituta vya kiwandani. Kwa A/T ya kazi hapa, 4 ndio mwisho wa manufaa. Chini ya hapo mifereji haitoi maji wala matope, na mawe yanafika karibu na waya. Tairi likiwa na 5 mwezi Oktoba, halitamaliza mvua. Liondoe, au lihamishie gari la mjini.

Umri nao una kikomo. Kuanzia mwaka wa tano tangu tarehe ya DOT, livue kila mwaka likaguliwe ndani, na likifika miaka kumi halina kazi barabarani hata likiwa na meno yote. Spea ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu iko chini ya bodi, inakula vumbi na joto la ekzosi bila kuonekana. Ipime upepo kila mwezi, iweke psi 5 juu ya kipimo cha nyuma, ipake grisi mnyororo wake wa kushushia. Mnyororo ulioshikwa na kutu ndio unaomlaza mtu njiani akiwa na spea nzima chini ya gari.